Chongoni: Namna ya Kusoma Ukuta wa Mwamba

Kutoka mtaa wa Area 25 jijini Lilongwe, Malawi, hadi Dedza ni safari ya asubuhi moja. Unapanda minibasi hadi mjini, unabadili gari, kisha unafuata barabara ya M1 kuelekea kusini kwa kilomita 85 hivi. Kabla ya kufika Dedza Boma, barabara inapita karibu na vilima vya mawe vilivyofunikwa na msitu. Hapo ndipo Chongoni. Ndani ya eneo la kilomita za mraba 126.4 kuna sehemu 127 zenye michoro ya miambani, wingi usio na mfano katika eneo hili la Afrika. UNESCO iliitangaza Chongoni kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, mwaka uleule ilipoitangaza michoro ya Kondoa, Tanzania.

Tuanze na mwamba wenyewe. Msomaji aliyetoka Ituri huenda anayajua mapango ya Mlima Hoyo, jirani na maporomoko ya Escaliers de Vénus. Yale ni mapango ya mawe ya chokaa: maji huyeyusha chokaa kidogo kidogo na kutoboa njia ndefu ndani ya mlima. Vilima vya Chongoni ni vya granaiti, jiwe lisiloyeyuka hivyo. Jua, baridi na mvua hulipasua na kulibandua tabaka kwa tabaka, hata mwamba ukabaki umechomoza juu kama upenu, na chini yake ukuta mkavu. Kwa hiyo usitarajie kuingia gizani na tochi. Mapango mengi ya hapa ni mafupi, yana mwanga, na watu wachache wanaweza kukaa humo bila kulowa. Ukavu huo ndio ulioihifadhi michoro. Pale maji ya mvua yanapotiririka juu ya ukuta, rangi imekwisha kuondoka.

Ukisimama mbele ya ukuta, tafuta kwanza rangi nyekundu. Hiyo ni kazi ya Batwa, wawindaji na wachuma matunda walioishi hapa tangu Zama za Mawe za mwisho, kabla ya wakulima kufika. Walitumia udongo wenye chuma, na rangi yake imeshikana na jiwe. Wanyama ni nadra. Utaona zaidi duara ndani ya duara, mistari sambamba na mawimbi. Watafiti wanaihusisha michoro hii na mvua na uzazi. Wasomaji wa Kivu, Burundi na Rwanda wanawajua Batwa kama majirani walio hai. Batwa wa Dedza hawapo tena kama jamii inayojitegemea, na ukuta huu ni sehemu kubwa ya urithi waliotuachia.

Kisha tazama rangi nyeupe. Hii ni ya Wachewa, imetengenezwa kwa udongo mweupe na kupakwa nene kwa vidole. Imekaa juu ya jiwe tu, ndiyo maana inabanduka upesi. Pale rangi mbili zinapokutana, nyeupe iko juu, na hivyo ndivyo tunavyojua nani alitangulia. Michoro mingi kati ya hii ni ya wanawake: maumbo ya wanyama waliotandazwa, yaliyohusiana na chinamwali, unyago wa wasichana. Maana kamili ni ya makungwi na wari wao. Mgeni anatosheka kujua kwamba hapa palikuwa darasa, na kwamba mahali hapa bado pana uhusiano na ibada za Wachewa.

Kundi la tatu ni dogo, na ndilo linalobeba historia ya vita. Katika karne ya 19 Wangoni wa Maseko, waliokuwa wamefika hadi Songea, walishindwa na Wangoni wenzao huko, wakarudi kusini na kutawala nchi ya Dedza na Ntcheu. Wakati huohuo biashara ya utumwa iliyoelekea pwani ilikuwa ikiwawinda watu wa maeneo haya. Chama cha nyau cha Wachewa, chenye ngoma ya Gule Wamkulu, kililazimika kufanya mambo yake kwa siri. Watafiti wanaona kwamba ndipo wanaume walipochora vinyago vyao vya nyau kwa rangi nyeupe mapangoni. Hata vita vilipokwisha, nafuu haikuja: wamisionari, ambao kituo chao cha Mvera kilifunguliwa mwaka 1889 katika wilaya ya Dowa, ambako leo kuna kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, waliipinga nyau na chinamwali pia. Hata hivyo ngoma haikufa. Mwaka 2008 Gule Wamkulu iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Anayetaka kwenda aanze na Chencherere, Namzeze au Mphunzi, na amchukue mwongozaji wa hapohapo. Njia za msituni zinapotosha, na yeye ndiye ajuaye kama kuna shughuli ya kimila siku hiyo. Anayeishi kambini Dzaleka apate kibali cha kutoka kabla ya kupanga nauli. Ukifika, usiguse michoro: jasho la vidole huila rangi. Usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, usiwashe moto chini ya mwamba, na usiandike jina lako. Jina lililokwaruzwa juu ya udongo mweupe haliwezi kufutwa bila kuung'oa mchoro wenyewe.

Dzaleka ilipokea wakimbizi kuanzia mwaka 1994, na watoto wengi waliozaliwa hapo hawajui nchi nyingine. Darasani wanasoma historia ya Malawi kama historia ya wenyeji. Chongoni inaonyesha kwamba nchi hii imejengwa na waliofika kwa zamu, wengine kwa amani na wengine kwa mkuki, na kwamba watu waliobanwa na vita waliweza kutunza mafundisho yao mpaka hatari ikapita. Walimu wa Dzaleka na wa Area 25 wanastahili kupewa kibali na gari la kuwapeleka wanafunzi wao huko, walau mara moja kabla hawajamaliza shule ya msingi.