Mtoto wa Masasi na safari ya tanga

Wapo watu wanaolipa fedha nyingi kusafiri peke yao kwa meli ya matanga, wakipita visiwa vya Karibi kwa starehe. Mwanao akiona picha hizo kwenye simu yako, mwambie kwamba tanga lina habari zake hata huku Masasi na Newala.

Karne ya 19, watoto wa Wayao na wa nchi za Nyasa walitekwa, wakashushwa pwani na kupakiwa majahazini kwenda kuuzwa. Mtoto aliyetenganishwa na mama yake alikuwa peke yake, hata chombo kikiwa kimejaa.

Baadhi walikombolewa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza kundi lao kutoka Zanzibar, wakapitia Lindi, wakatembea hadi Masasi na kuanza maisha. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, alisoma Kiungani, Zanzibar, kisha akahudumu Chitangali, upande wa Newala. Mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ya UMCA.

Mzazi, jioni ya leo mkalishe mwanao karibu na bibi au babu. Muulizeni: sisi tulifikaje hapa? Akiondoka bila kusema, hakuna wa kuulizwa tena.