Orodha ya wabakaji: inaweza kulinda watoto wa Bukavu?

Katika mwezi wa pili wa mwaka 2025, wakati vita ilikaribia Bukavu, wafungwa walitoroka gereza la Kabare na gereza kuu la Bukavu. Siku chache nyuma yake, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilisema kwamba wahanga na washahidi walikuwa wanaomba kulindwa. Sababu: kati ya wale waliotoroka mulikuwa watu waliohukumiwa kwa makosa mazito sana, hata makosa juu ya ubinadamu.

Kwa muzazi mwenye mutoto aliyebakwa, habari kama hiyo inaleta maswali mengi. Ule mutu ametoka? Iko wapi sasa? Anaweza kurudi mu avenue yetu bila mutu kujua? Na kisha linakuja swali lingine: inchi zingine ziko na orodha ya majina ya watu waliohukumiwa kwa kubaka, sisi juu ya nini hatuna?

Hilo swali linastahili jibu la wazi. Orodha inaweza kusaidia. Lakini inashika paka jina la mutu ambaye tribinali imekwisha kumuhukumu. Na kwetu Kivu, kesi nyingi hazifiki hapo.

Orodha hiyo ni kitu gani?

Ni kitabu cha serikali, siku hizi mara nyingi ndani ya ordinateri, chenye majina ya watu waliohukumiwa kwa makosa ya kubaka na mengine ya namna hiyo. Kila inchi inaitumia kwa njia yake.

Marekani iliweka sheria ya orodha mwaka 1994. Mwaka 1996 ikaongeza sheria nyingine, inayoitwa Megan's Law, ili majina yajulikane na watu wote. Leo kule mutu yeyote anaweza kufungua intaneti na kuona nani katika kartie yake amewahi kuhukumiwa.

Uingereza ilianza mwaka 1997, lakini kule orodha inabaki mikononi mwa polisi. Muzazi hawezi kuisoma yote. Anaweza kwenda polisi na kuuliza juu ya mutu mumoja anayekuwa karibu na mutoto wake, na polisi njo inaamua kama itamujibu.

Afrika ya Kusini iliandika orodha yake katika sheria ya mwaka 2007. Lengo la kwanza lilikuwa kazi: masomo, nyumba za kulelea watoto na wengine wanaofanya kazi na watoto waulize kwanza kama mutu hajaandikwa mule. Kenya pia, katika sheria yake ya mwaka 2006, ilipanga kuwe na kitabu cha watu waliohukumiwa. Na jirani yetu Rwanda, ofisi ya parke imekwisha kutangaza majina ya watu waliohukumiwa kwa kuharibu watoto.

Kwetu Kongo hakuna orodha ya namna hiyo. Kitu tunacho ni kazie judisieri, ile karatasi wanayoomba watu wakati wa kutafuta kazi. Inaonyesha kama mutu amewahi kuhukumiwa. Inaweza kusaidia, ikiwa hukumu iliandikwa vizuri na ikiwa mwenye kutoa kazi anaiomba kweli.

Kavumu: jina ambalo halingekuwa kwenye orodha

Kuelewa mpaka wa orodha, tuangalie kilomita kama 30 kaskazini ya Bukavu, pale Kavumu, katika territoire ya Kabare. Kati ya mwaka 2013 na 2016, watoto wanawake zaidi ya 40 walichukuliwa usiku kutoka nyumba za wazazi wao na wakabakwa. Wengine kati yao walikuwa bado wadogo sana. Walipelekwa hospitali ya Panzi, pale Ibanda, wakiwa na vidonda vibaya sana. Daktari Denis Mukwege na waganga wenzake walipiga kelele miaka yote hiyo.

Wazazi walipeleka mashitaka. Lakini kila kesi ilikuwa inashikwa peke yake, kama vile haina uhusiano na ingine. Watu waliogopa kusema. Mutetezi wa haki za watu Évariste Kasali, aliyekuwa anafuatilia mambo ya Kavumu, aliuawa mwezi wa tatu 2016.

Ni katika mwaka huo wa 2016 njo mambo yaligeuka. Kesi zilikusanywa pamoja na kuwekwa mikononi mwa sheria ya kijeshi. Mwezi wa sita, Frédéric Batumike, aliyekuwa mbunge wa provensi ya Kivu ya Kusini, akakamatwa pamoja na watu wa kundi lake lililoitwa Jeshi la Yesu. Korti ilisikia kwamba watu hao waliaminishwa na mufumu kuwa damu ya mutoto bikira itawakinga na risasi.

Kesi ilifanyiwa palepale Kavumu, mbele ya watu, kuanzia tarehe 9 Novemba 2017. Watoto hawakulazimishwa kusimama mbele ya washitakiwa: maneno yao yalikuwa yamerekodiwa mbele, na washahidi wengine walifunikwa uso. Tarehe 13 Desemba 2017, Batumike na wenzake 10 walihukumiwa kifungo cha maisha, kwa makosa juu ya ubinadamu. Mwezi wa saba 2018, korti kuu ya kijeshi ikakubali hukumu hiyo.

Sasa tujiulize: kama Kongo ingekuwa na orodha mwaka 2013, jina la Batumike lingekuwamo? Hapana. Hakuwa amehukumiwa kwa kubaka. Alikuwa muheshimiwa. Muzazi wa Kavumu angefungua orodha hiyo kila jioni na asingeona kitu. Kilichokamatisha kundi lile ni karatasi za waganga zilizotunzwa, wazazi waliokataa kunyamaza, na kesi ndogo ndogo zilizounganishwa kuwa moja.

Njia inakatika wapi?

Kwa sheria, Kongo haiko nyuma. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 ilikaza azabu ya makosa ya kubaka. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto inasema mutoto ni kila mutu ambaye hajafikisha miaka 18, na mwenye kubaka mutoto anaazibiwa kifungo cha miaka 7 mpaka 20. Kama mwenye kosa ni muzazi, mwalimu, mutu wa dini, munganga au mutu mwingine mwenye mamlaka juu ya mutoto, azabu inaongezeka.

Sheria ya 2006 ilitoa hata muda: uchunguzi wa mwanzo usipite mwezi mumoja, na tribinali imalize kesi katika miezi tatu. Inakataza pia kumaliza kesi ya ubakaji kwa amende inayolipwa mbele ya polisi au parke.

Lakini nje ya ofisi mambo yanaenda ingine. Jamaa mbili zinakaa pamoja, zinazungumza, mbuzi au franga zinatolewa, kesi inakufa. Wakati mwingine wanasema kijana aoe muhanga, ili haya ifunikwe. Wanaoitetea hiyo wanasema inaleta amani kati ya majirani, na kwamba njia ya tribinali ni ndefu, inakula pesa na haina uhakika. Malalamiko hayo yana ukweli. Muzazi anayetoka milimani ya Walungu au Kabare kuja mujini anapoteza siku, tiketi na chakula.

Lakini tuangalie amani hiyo inalinda nani. Mwenye kubaka anabaki nyumba ya tatu kutoka pale. Hana hukumu, hana alama kwenye kazie judisieri, na kesho anaweza kuomba kazi ya ualimu au kufundisha watoto kuimba kanisani. Kila mapatano ya namna hiyo yanaondoa jina moja kwenye orodha ambayo hata bado haijaandikwa.

Mutu wa karibu

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wanapaswa kujua. Orodha inatufanya tutazame mugeni: ule aliyetoka gerezani, ule asiyejulikana. Kumbe hatari kubwa iko mara nyingi karibu zaidi. Takwimu za wizara ya sheria ya Marekani zilizotolewa mwaka 2000, kutokana na kesi zilizofika polisi, zilionyesha kwamba katika watoto 100 waliofanyiwa makosa hayo, 93 walikuwa wanamujua mwenye kuwafanyia: ni mutu wa jamaa, jirani, rafiki wa nyumba. Wageni walikuwa 7 tu.

Kavumu ilikuwa jambo la pekee kwa namna kundi lilivyopangwa. Lakini kwa mutoto anayetumwa kuchota maji jioni, au anayebaki na mupangaji wakati mama yuko soko la Kadutu, mutu wa kuangalia ni yule anayemujua jina.

Orodha ya barabarani ni hatari

Mahali ambapo serikali haina orodha, watu wanaweza kujitengenezea yao. Picha inazunguka kwenye WhatsApp, jina linatajwa, na mbele ya jioni kuna watu na mawe na petroli. Bukavu inajua azabu ya barabarani, na inajua kwamba mara zingine inapiga mutu asiye na kosa.

Hata Uingereza, inchi yenye polisi ya kutosha, ilipata hilo. Mwaka 2000 gazeti moja lilitoa majina na picha za watu waliohukumiwa. Katika kartie ya Paulsgrove, muji wa Portsmouth, watu walishambulia manyumba usiku, na jamaa zisizokuwa na kosa lolote zilikimbia. Njo sababu moja Uingereza iliendelea kuacha orodha kwa polisi.

Kuna hasara nyingine tena. Ukitaja baba au mujomba aliyebaka, mara moja kartie yote inajua mutoto ni nani. Picha inayozunguka inamuumiza mutoto mara ya pili. Na mushitakiwa akiuawa barabarani, kesi imekwisha: hakuna hukumu, wala watoto wengine aliowaumiza hawatajulikana.

Nini kinawezekana leo

Kwanza, kufika mapema kwa munganga. Dawa ya kuzuia ukimwi inapaswa kuanza mbele ya saa 72 kupita, na kila saa ni ya maana. Mutoto asioshwe mbele ya kuonwa na munganga. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye karatasi, si kwenye sashe ya plastiki, maana unyevu unaziharibu. Hata kama saa 72 zimepita, mutoto apelekwe tu: bado kuna mengine ya kutunza. Panzi inatunza wahanga bila malipo na inawasaidia pia kwa avoka na kwa wanaotuliza moyo.

Pili, mutoto asihojiwe na kila mutu. Asikilizwe mara moja na mutu mumoja anayemwamini, maneno yake yaandikwe vile alivyosema. Kumuuliza kila siku kunamuchosha, na avoka wa upande wa pili atasema alifundishwa.

Tatu, masomo, makanisa na misikiti. Hizo hazihitaji kungojea sheria mupya. Zinaweza kuomba kazie judisieri kwa kila mutu anayeajiriwa na kupiga simu kwa mahali alipokuwa akifanya kazi mbele. Zinaweza kukataza mutu mukubwa kubaki peke yake na mutoto nyuma ya mulango uliofungwa. Na kama mwalimu anashitakiwa, kumuhamisha masomo mengine kimya kimya ni kuhamisha hatari tu.

Ine, shefu wa avenue na nyumba kumi. Kazi yao mbele ya kesi ya kubaka si kupatanisha. Ni kusindikiza jamaa kwa munganga na kwa wenye sheria.

Na kwa jamaa zilizokwisha kushinda kesi, karatasi zao ni za maana sana wakati huu. Numero ya dosie ya parke, inayoanza na RMP, numero ya tribinali, RP, na kopi ya hukumu: vitu hivyo vitengenezewe kopi zingine, moja ibaki kwa avoka na ingine kwa mutu wa kuaminika nje ya nyumba. Kutoroka gereza hakufuti hukumu. Siku munganga, polisi au zuzi atauliza ule mutu ni nani na alifanya nini, inafaa kuwe na mahali pamoja ambapo jibu limeandikwa.