Rekodi za Wakongwe, Mataji ya Vijana

Tarehe 13 Aprili 2016, siku ya kufunga msimu wa kawaida wa NBA, California ilikuwa na mechi mbili zilizochezwa karibu saa zilezile. Los Angeles, Kobe Bryant alikuwa anaaga akiwa na miaka 37, baada ya misimu 20 ndani ya jezi moja. Alirusha mpira kikapuni mara 50, akapata pointi 60, kati ya hizo 23 katika robo ya nne peke yake, na Lakers wakawageuzia kibao Utah Jazz na kushinda 101 kwa 96. Hakuna mchezaji wa umri ule aliyewahi kufikisha pointi 60 katika mechi moja ya ligi hiyo.

Kaskazini, mjini Oakland, Golden State Warriors waliwachapa Memphis Grizzlies 125 kwa 104. Huo ulikuwa ushindi wao wa 73 katika mechi 82, na kwa huo wakaifuta rekodi ya ushindi 72 iliyowekwa na Chicago Bulls msimu wa 1995/96. Stephen Curry alifunga 46. Alitupia mitupo kumi ya pointi tatu na kufikisha 402 kwa msimu mmoja, wakati rekodi ya awali, nayo yake mwenyewe, ilikuwa 286. Wapenzi wa kikapu wa Tanzania wana sababu yao ya kuwakumbuka Memphis: ndio waliomchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa chaguo la pili katika mgawo wa chipukizi wa mwaka 2009, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Curry aliitwa nafasi ya saba katika mgawo huohuo.

Ukisoma kitabu cha rekodi tu, utasema usiku ule wa Aprili ulikuwa wa Kobe. Ukisoma msimamo wa ligi utaona mambo mengine. Lakers walimaliza na ushindi 17 na vipigo 65, msimu mbovu kuliko wote tangu klabu hiyo iundwe. Mamlaka yalikwishahama Los Angeles zamani, na yule mkongwe alibaki na jukwaa, mashabiki na mpira mkononi. Ndiyo maana naziamini zaidi rekodi za aina nyingine: nani alianguka kwa kishindo zaidi, nani alinunua uzee kwa bei mbaya zaidi, nani alidumu kileleni muda mrefu kuliko wenzake. Hizo ndizo zinazoonyesha nguvu inatoka wapi na inakwenda wapi.

Anguko kubwa kuliko yote

Hapa Chicago Bulls hawana mpinzani. Tarehe 14 Juni 1998, Michael Jordan, miaka 35, alifunga pointi 45 mjini Salt Lake City, zikiwemo mbili za mwisho zilizoipa Chicago ushindi wa 87 kwa 86 na taji la sita. Kocha Phil Jackson aliondoka. Scottie Pippen akaenda Houston, Dennis Rodman hakurudi, na Januari 1999 Jordan akatangaza kustaafu. Msimu uliofuata ulikuwa mfupi, mechi 50 tu kwa sababu ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji. Bulls walishinda 13 na kupoteza 37.

Tarehe 10 Aprili 1999, kabla hata ya miezi kumi kutimia tangu taji lile, Bulls walifungwa na Miami Heat 82 kwa 49. Pointi 49 katika mechi nzima! Ni idadi ndogo kuliko zote tangu NBA ianze kutumia saa ya sekunde 24 mwaka 1954. Jordan peke yake alikuwa amefunga karibu kiasi hicho katika mechi yake ya mwisho na klabu hiyo. Kilichoniuma katika kisa cha Bulls ni kwamba hawakuangushwa na mpinzani. Uongozi ulijua kundi lile linazeeka, ukatangaza mapema kwamba Jackson hatarejea, na siku jengo lilipobomolewa hapakuwa na tofali moja jipya lililoandaliwa.

Boston Celtics waliwahi kupita njia hiyo. Bill Russell alibeba mataji 11 katika misimu 13, manane kati yake mfululizo kuanzia 1959 hadi 1966. La mwisho alilichukua Mei 1969 akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, akiwa na miaka 35. Celtics walikuwa wamemaliza nafasi ya nne upande wao wa Mashariki, na mmiliki wa Lakers, Jack Kent Cooke, alikwishaning'iniza maelfu ya maputo darini akisubiri sherehe. Boston walishinda 108 kwa 106, maputo yakabaki juu. Russell na Sam Jones wakatundika viatu. Msimu wa 1969/70 Celtics walishinda 34, wakapoteza 48, na hawakuingia hata hatua ya mtoano. Anguko lile liliwapa nafasi nzuri katika drafti, ule mgawo wa chipukizi ambamo timu zilizofanya vibaya huchagua mwanzo. Walimpata Dave Cowens, na mwaka 1974 wakawa mabingwa tena.

Warriors nao wana yao. Fainali tano mfululizo kuanzia 2015, kisha msimu wa 2019/20 wakashinda 15 na kupoteza 50, rekodi mbaya kuliko ya timu yoyote ligini mwaka huo. Kevin Durant alikuwa ameondoka, Klay Thompson anauguza goti, Curry amevunjika mkono msimu ukiwa mchanga kabisa. Mwaka 2022 wakatwaa taji. Watu wengi waliona huo ni ushahidi kwamba uzee unaweza kusubirishwa. Mimi naona walikuwa wamepumzishwa na majeraha, basi. Warithi waliojaribu kuwalea pembeni ya Curry hawakuchukua kiti: James Wiseman, chaguo la pili la 2020, alikwisha kuondoka kufikia 2023. Machi 2025 Curry akawa mtu wa kwanza kufikisha mitupo 4,000 ya pointi tatu. Miezi miwili baadaye msuli wa paja ulimsaliti katika mechi ya kwanza dhidi ya Minnesota, na Warriors wakatolewa 4 kwa 1. Alikuwa na miaka 37.

Uzee ulionunuliwa kwa bei ya juu kuliko wote

Mwaka 2003 Lakers waliwachukua Karl Malone, miaka 40, na Gary Payton, 35, wawaongeze kwa Kobe na Shaquille O'Neal. Goti la Malone likagoma, na Detroit Pistons, timu isiyokuwa na nyota wa kiwango hicho hata mmoja, ikawafunga 4 kwa 1 katika fainali. Lakini walau Malone na Payton walikwenda kwa mishahara midogo, na Lakers hawakuuza kesho yao.

Brooklyn Nets waliiuza. Kiangazi cha 2013 waliwachukua kutoka Boston Kevin Garnett, miaka 37, na Paul Pierce, 35, pamoja na Jason Terry. Malipo yalikuwa nafasi zao za duru ya kwanza katika drafti za 2014, 2016 na 2018, na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2017. Mmiliki, Mikhail Prokhorov, alitaka taji haraka na alikuwa tayari kulipa. Kodi ya kuvuka kikomo cha mishahara ilizidi dola milioni 90 kwa msimu mmoja, rekodi ya wakati huo. Kilichopatikana ni mzunguko mmoja tu wa mtoano. Mjini Toronto, mechi ya saba, Nets wakiongoza 104 kwa 103, Kyle Lowry alipenya kwenda kufunga kikapu cha ushindi na Pierce akamzuia mpira sekunde zikiisha. Huo ndio uliokuwa ushindi mkubwa wa mradi mzima. Miami wakawatoa katika mzunguko uliofuata, Pierce akaondoka mwaka uleule, Garnett akafuata Februari 2015.

Nets wakaporomoka, na kila walivyozidi kuporomoka ndivyo Boston walivyozidi kuneemeka, kwa sababu nafasi za drafti zilizokuwa zinapanda thamani zilikuwa zao. Ya 2016 ilimleta Jaylen Brown. Ya 2017 iligeuka chaguo la kwanza kabisa, Boston wakabadilishana na Philadelphia, wakashuka hadi la tatu na kumchukua Jayson Tatum. Juni 2024 hao wawili waliipa Boston taji la 18, idadi kubwa kuliko ya klabu yoyote, na Brown akawa mchezaji bora wa fainali. Katika historia nzima ya biashara ya wachezaji wa NBA, sijui dili lililohamisha nguvu nyingi namna hii kwa kununua miguu iliyokwisha kuchoka.

Cha kusikitisha ni kwamba somo halikuwafikia wengine. Phoenix Suns walitoa Mikal Bridges, Cameron Johnson na nafasi nne za drafti kumpata Durant, miaka 34, Februari 2023. Mwaka 2025 walimaliza na ushindi 36 bila kuingia mtoano, na Durant akahamishiwa Houston katika dili lililohusisha timu saba, nyingi kuliko katika dili lolote lililotangulia.

Waliodumu kuliko wote

San Antonio Spurs walishinda mechi 50 au zaidi katika misimu 18 mfululizo, 1999/2000 hadi 2016/17, na wakaingia mtoano miaka 22 bila kukosa. Kwangu hiyo ndiyo rekodi tukufu kuliko pointi zote za mtu mmoja, kwa sababu ndani yake kiti kilikabidhiwa kwa hiari. David Robinson alipoletewa Tim Duncan mwaka 1997, alimwachia kijana nafasi ya mbele bila kinyongo. Katika mechi ya mwisho ya maisha yake ya uchezaji, Juni 2003, Robinson alipata pointi 13 na kudaka ribaundi 17, huku Duncan akiwa na pointi 21, ribaundi 20, pasi 10 za vikapu na mipira 8 aliyoizuia. Wakatwaa taji pamoja. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Duncan kusogea: alikubali mshahara wake upunguzwe kwa zaidi ya nusu ili klabu iwe na fedha za kuwalipa wengine. Mwaka 2014, akiwa na miaka 38, alibeba taji la tano, na mchezaji bora wa fainali alikuwa Kawhi Leonard, kijana wa miaka 22.

Mnyororo ulikatika Leonard alipodai kuondoka mwaka 2018. Aliyekuwa tayari kumpokea ni Masai Ujiri, kiongozi wa Toronto Raptors, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake Mkenya. Raptors walikuwa wametolewa na LeBron James miaka mitatu mfululizo. LeBron, aliyecheza fainali nane mfululizo akiwa Miami na Cleveland, alihamia Lakers, upande wa Magharibi, mwanzoni mwa Julai 2018. Wiki hizohizo Ujiri akamtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mji, akamchukua Leonard aliyebakiza mwaka mmoja tu katika mkataba wake. Alilaumiwa vikali. Juni 2019 Toronto ikawa timu ya kwanza ya nje ya Marekani kutwaa ubingwa wa NBA. Baada yao zikafuata Lakers, Bucks, Warriors, Nuggets, Celtics na Thunder: mabingwa saba tofauti katika miaka saba, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla.

Rekodi kubwa, kipigo hichohicho

Tarehe 7 Februari 2023 LeBron alihitaji pointi 36 kumpita Kareem Abdul-Jabbar, aliyeshikilia rekodi ya ufungaji ya ligi akiwa na 38,387. Alizipata mwishoni mwa robo ya tatu kwa mtupo wa kurudi nyuma. Mechi ikasimamishwa, Kareem akatoka kitini na kumkabidhi mpira mbele ya uwanja mzima. LeBron alimaliza na 38, na Lakers wakafungwa 133 kwa 130. Machi 2024 alifikisha pointi 40,000, wa kwanza katika historia, siku hiyo nayo Lakers wakafungwa, na Denver. Namheshimu zaidi kwa usiku wa tarehe 4 Desemba 2025 mjini Toronto. Alikuwa na pointi 8, msururu wake wa mechi 1,297 za kufikisha pointi kumi au zaidi ukining'inia, mpira wa mwisho mikononi mwake. Akampasia Rui Hachimura pembeni, Hachimura akafunga, Lakers wakashinda 123 kwa 120, na msururu uliodumu tangu Januari 2007 ukakatika.

Timu iliyowafunga Lakers usiku wa rekodi ya Kareem ilikuwa Oklahoma City Thunder, na aliyewaongoza kwa pointi 30 ni Shai Gilgeous-Alexander. Julai 2019 Los Angeles Clippers walimtoa yeye, pamoja na nafasi tano za duru ya kwanza, ili wampate Paul George. Moja ya nafasi hizo ilimleta Jalen Williams mwaka 2022. Msimu wa 2024/25 Thunder walishinda mechi 68, wakawazidi wapinzani kwa wastani wa pointi 12.9 kwa mechi, pengo kubwa kuliko lolote katika historia ya NBA, na tarehe 22 Juni 2025 wakawa mabingwa wakiwa miongoni mwa timu changa kabisa kuwahi kulitwaa taji hilo. George alikwishaondoka Clippers mwaka 2024 bila klabu hiyo kuambulia mchezaji yeyote kwa kuondoka kwake. Clippers hawajawahi kucheza fainali hata moja, na nafasi yao ya duru ya kwanza katika drafti ya 2026 ilikuwa mali ya Oklahoma City tangu siku walipotia saini.