When We Were Kings: Watazamaji na Pambano la Kinshasa

When We Were Kings ni filamu ya hali halisi kuhusu pambano la ndondi lililofanyika Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, kati ya Muhammad Ali na George Foreman, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu. Mwongozaji wake ni Mmarekani Leon Gast. Ilitoka mwaka 1996, na Machi 1997 ikatunukiwa Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Zamani ilipatikana kwa kanda za video. Leo yeyote mwenye simu na bando anaweza kuitazama, awe Nairobi au Garsen, mji wa delta ya Tana nchini Kenya. Kila inapotazamwa huzusha mabishano, na mabishano hayo yana mengi ya kufundisha kuhusu pambano na kuhusu watazamaji wenyewe.

Mwaka ule Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilitawaliwa na Mobutu Sese Seko. Promota Don King alikuwa amemwahidi kila bondia dola milioni 5, na serikali ya Mobutu ikakubali kulipa ili nchi ijulikane ulimwenguni. Ali alikuwa na miaka 32. Alinyang'anywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na tangu arudi ulingoni alikwisha kushindwa na Joe Frazier na Ken Norton kabla ya kulipiza. Foreman alikuwa na miaka 25, hajashindwa hata mara moja katika mapambano 40. Alimwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili, na Norton naye hakuvuka raundi ya pili mbele yake. Wajuzi wengi wa mchezo walihofia kwamba Ali angeumizwa vibaya.

Pambano lilipangwa lifanyike Septemba, lakini Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, likaahirishwa kwa zaidi ya mwezi mzima. Ajali hiyo ndiyo iliyoipa filamu utajiri wake. Gast alikwenda Zaire hasa kurekodi tamasha la muziki lililoandaliwa sambamba na pambano, ambako James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Celia Cruz walipanda jukwaa moja na wanamuziki wa Kongo. Baada ya tamasha kamera zikabaki na Ali kwa wiki kadhaa, akikimbia barabarani, akitania waandishi wa habari, akiwaongoza watoto na watu wazima kuimba "Ali boma ye", yaani Ali, muue. Kisha yakazuka matatizo ya fedha na ya haki za picha, na kazi ikakwama kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wanaoitazama kwa mara ya kwanza, hata wasiojali ndondi, kwa kawaida huvutwa kwanza na Ali. Jambo hili halishangazi, kwa kuwa kamera inampenda na yeye anaijua kamera. Hata hivyo, sehemu inayowafumbua macho zaidi ni ufafanuzi wa waandishi Norman Mailer na George Plimpton, waliokuwapo Kinshasa na wakahojiwa upya miaka mingi baadaye. Wanaeleza kwamba katika raundi ya kwanza Ali alianza kumpiga Foreman kwa mkono wa kulia bila kutanguliza wa kushoto. Asiyejua mchezo huliona hilo kuwa jambo dogo. Ngumi ya kulia ya bondia anayesimama kama Ali hutoka mbali, huonekana mapema, na humwacha mpigaji wazi. Kumwanzia nayo bingwa ni kumdharau hadharani. Foreman alighadhabika, lakini hakuanguka, na hapo Ali akalazimika kubuni njia nyingine.

Njia hiyo ndiyo iliyolipa pambano umaarufu. Kuanzia raundi ya pili Ali aliegemea kamba, akajikinga uso kwa glavu na mbavu kwa viwiko, akamwacha Foreman apige mpaka achoke. Joto la Kinshasa lilikuwa kali hata usiku, na Foreman hakuwa amezoea kwenda raundi nyingi kwa kuwa wapinzani wake walizoea kuanguka mapema. Mikono ikawa mizito. Mwishoni mwa raundi ya nane Ali alitoka kwenye kamba kwa mfululizo wa ngumi, na Foreman akazunguka na kuanguka. Kambi za mabondia hao zilibishana kwa miaka kuhusu kulegea kwa kamba, na Foreman mwenyewe alitoa sababu nyingi za kushindwa kwake kabla ya kukubali, uzeeni, kwamba alizidiwa.

Ngumi ya kwanza ilirushwa saa kumi za alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani walione pambano usiku wao. Kenya ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, jua ndio kwanza linachomoza kwenye delta ya Tana. Televisheni zilikuwa chache nchini na picha hazikufika pembe nyingi, kwa hiyo kizazi kile cha pwani na bara kililijua pambano kwa redio, magazeti na masimulizi. Kwa watu wa rika hilo, filamu ya Gast iliwaonyesha kwa macho jambo walilokuwa wakilisimulia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Garsen ni mahali pazuri pa kuupima upendeleo wa filamu hii. Waorma na Wawardei wa huko ni Waislamu. Miongoni mwa Wapokomo wa Tana ya chini Wakristo ni wengi, tangu wamisionari walipojenga misheni ya Ngao katika karne ya 19. Mtazamaji Mwislamu ana sababu ya kumwona Ali kuwa ndugu, maana alitangaza Uislamu wake mwaka 1964 na aliutaja kila alipopewa kipaza sauti. Lakini Foreman naye, miaka mitatu baada ya Kinshasa, aliacha ndondi akawa mhubiri Houston, kisha akarudi ulingoni na mwaka 1994 akautwaa tena ubingwa akiwa na miaka 45. Foreman huyo mcheshi, mtu wa watu, hayumo katika picha za Kinshasa. Tunayemwona ni kijana mnunaji mwenye mbwa mkubwa wa aina waliyokuwa nayo polisi wa kikoloni wa Ubelgiji, jambo lililowaudhi Wakongo. Waliokuja kumjua Foreman wa uzeeni hulalamika kwamba filamu imemwonea, na wana haki. Yeye na Ali hawakuhojiwa upya. Wengine ndio wanaowasemea.

Lalamiko zito zaidi linahusu Wakongo. Wamejaa katika picha, wakishangilia, wakicheza, wakikimbia nyuma ya Ali, lakini wanaoeleza maana ya mambo karibu wote ni Wamarekani. Hadithi ya mganga wa Mobutu, aliyedaiwa kutabiri kwamba mwanamke mwenye mikono inayotetemeka atamnyong'onyeza Foreman, inasimuliwa na Plimpton kisha inachanganywa na sura ya Miriam Makeba, kana kwamba mwanamuziki huyo mkubwa ni kiumbe cha kichawi. Mtazamaji wa Afrika Mashariki ana kila sababu ya kuchukizwa hapo. Hata muziki umepunjwa. Wanamuziki wa Kongo Franco na Tabu Ley, ambao nyimbo zao zilipigwa katika baa na kumbi za Kenya nzima, walikuwa wenyeji wa tamasha, lakini hawakupewa nafasi inayowastahili.

Kuhusu Mobutu filamu inasema kiasi: udikteta wake umetajwa, na masimulizi ya wahalifu waliofungiwa chini ya uwanja yamo. Yeye mwenyewe hakwenda uwanjani usiku ule. Wiki chache tu baada ya filamu kupata Oscar, tarehe 17 Mei 1997, waasi wa Laurent Kabila waliingia Kinshasa, wengi wao wakizungumza Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na utawala wa Mobutu ukaisha. Uwanja wa pambano, uliopewa jina la tarehe ya kuasisiwa kwa chama chake, Mei 20, sasa unaitwa Tata Raphaël.

Mapenzi ya Waafrika kwa Ali, ambayo filamu inayaonyesha kwa uzuri mkubwa, hayakuwa upofu. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Afrika kuomba mataifa yasusie Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na waandishi wa habari walimuuliza kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika waliposusia michezo ya Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya Afrika Kusini. Nairobi, Rais Moi alimpokea, na Kenya haikwenda Moscow. Bondia ni yule yule, lakini nchi mbili jirani zilimjibu kila moja kwa msimamo wake.

Picha za tamasha ambazo Gast hakuzitumia zilitengenezewa filamu nyingine, Soul Power, ya mwaka 2008, na humo wanamuziki wa Kongo wanasikika vizuri zaidi. Kwa anayetaka kulielewa tukio hili, utaratibu bora ni kutazama kwanza raundi zote nane bila maelezo ya mtu, kisha filamu ya Gast, na mwisho Soul Power. Atakayefuata utaratibu huo atamshangilia Ali kwa sababu anazozijua mwenyewe, na atamtendea haki Foreman.