Kabla Ndoo ya Rangi Haijafunguliwa

Mvua za masika zikishakatika, kuanzia Juni, mafundi rangi wa Mbarara, Uganda, hawashikiki. Kila mwenye nyumba anataka ukuta wake ung'ae kabla mvua za Septemba hazijarudi. Ubishi huanzia kwenye malipo: mwenye nyumba anahesabu siku za kupaka, fundi anahesabu za kukwangua, na mara nyingi hizo za kukwangua ndizo nyingi.

Ruharo, kilima cha mjini humo chenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na hospitali ya misheni inayosifika kwa matibabu ya macho, adui wa ukuta ni udongo mwekundu. Paa la bati lisilo na mfereji humwaga maji chini, matone yakaruka na tope lake hadi usawa wa goti. Ndiyo maana wengi hupaka sehemu ya chini rangi nyeusi au ya kahawia. Huko ni kuficha tu. Mfereji ndio dawa, nao ufungwe kabla ya rangi.

Baada ya hapo ni kiganja. Fundi anakipitisha ukutani: kikitoka na unga mweupe, rangi ya zamani imechoka na haitabeba mpya. Ukuta utasuguliwa kwa brashi ngumu, uoshwe, uachwe ukauke. Penye kuvu jeusi hupakwa jiki iliyozimuliwa kwa maji, kisha husuuzwa. Nyufa hazizibwi juu juu. Huchimbuliwa kidogo kwanza ili kiraka kishike. Madirisha ya zamani ya mbao yanataka tahadhari zaidi, kwa kuwa rangi za kale huenda zina madini ya risasi. Hapo msasa hutumika ukiwa umeloweshwa, na watoto wakae mbali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni.

Plasta mpya huachwa takriban siku 28. Anayekimbizana na harusi hupaka wiki ya pili, kisha chumvi nyeupe ikichomoza analaumu kiwanda.

Nakivale, wilayani Isingiro, ambako wakimbizi kutoka Rwanda walianza kupokelewa mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo Kiswahili cha Wakongo na Warundi kimetamalaki, nyumba nyingi ni za udongo. Hapa maandalizi ni kukandika upya: udongo laini, mchanga, kinyesi cha ng'ombe, pengine na majivu. Rangi ya mafuta juu ya ukuta huo ni hasara. Unyevu hunaswa ndani, rangi ikavimba na kubanduka pamoja na udongo wake. Chokaa huruhusu ukuta kupumua, tena ni nafuu.

Siku ya kupaka yenyewe, umande ukishakauka, fundi mzoefu huanzia upande wa magharibi. Mchana jua likihamia huko, yeye anazungukia mashariki, kwani rangi ikikauka haraka mno huacha michirizi ya brashi.