Kushusha Gari la Kila Siku kwenye Barabara za Lumino

Barabara ya Musita, Mayuge na Lumino nchini Uganda, ambayo ikifika Lumino hugawanyika, tawi moja likielekea mji wa mpakani wa Busia na jingine likiteremka hadi Majanji kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, ni mradi wa takriban kilomita 104 uliogeuza njia ya murami na vumbi kuwa lami, na hivyo kuwapa wenye magari madogo wa eneo hili mahali ambapo gari lililoshushwa linaweza kuendeshwa bila kuburuta tumbo. Hata hivyo lami hiyo ina matuta kwenye vituo vya biashara, na dereva akiiacha ili aingie kijijini hukutana tena na murami uliochimbwa mifereji na mvua za Machi hadi Mei. Ndiyo maana desturi iliyozoeleka Kenya na Uganda ni kuliinua gari kwa spesa, yaani vipande vinavyowekwa juu ya springi, badala ya kulishusha. Anayetaka kwenda kinyume cha desturi hiyo, na bado atumie gari lake kila siku kwenda sokoni, shambani na ng'ambo ya mpaka, hana budi kuelewa kwamba hanunui sura ya gari peke yake, bali anapunguza nafasi ambayo magurudumu hutumia kupanda na kushuka.

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na kuliruhusu gurudumu kupanda likikutana na tuta. Shokamzoba, ambayo mafundi wengi huiita shoki tu, haibebi uzito huo bali huzuia mrukoruko wa springi kwa kulazimisha oili ipite kwenye matundu madogo ndani yake. Bushi ni vipande vya mpira vinavyounganisha mikono ya chini na bodi. Katika magari mengi madogo ya Kijapani yanayoonekana Busia na Tororo, kama Toyota Premio na Subaru Impreza, springi na shokamzoba za mbele zimeunganishwa kuwa mhimili mmoja, muundo uliobuniwa na mhandisi wa Marekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940 na kuenezwa na Ford Consul na Zephyr kuanzia 1950. Muundo huo si dhaifu kwa asili yake: Zephyr ilishinda mwaka 1955 mashindano ya Coronation Safari, yaliyoanzishwa 1953 na kupita katika barabara za vumbi za Kenya, Uganda na Tanganyika.

Hesabu ya kwanza inayopaswa kufanywa, kabla ya kuuliza bei ya spea yoyote, ni ya nafasi chini ya gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Premio isiyo na mzigo huwa na takriban milimita 160 kati ya sehemu yake ya chini kabisa na ardhi. Ikiwa springi mbili za nyuma zina ugumu wa nyutoni 25 kwa kila milimita kila moja, basi kilo 200 zinazoangukia magurudumu ya nyuma, ambazo ni abiria watatu pamoja na nusu gunia la mahindi, zitalididimiza gari kwa milimita 40 hivi. Mwenye gari akiwa ameshalishusha kwa milimita nyingine 40, upande wa nyuma hubakiwa na milimita 80 tu, na tuta la sentimita 10 litakwangua ekzosi hata kwa mwendo wa pole. Akiwa amelishusha kwa milimita 20, hubakiwa na 100, ambazo zinatosha kwa shida. Kwa hiyo vipimo vinavyosifiwa mahali penye barabara laini, vya milimita 40 au 50, havifai Lumino, na milimita 20 ndizo mpaka wa busara kwa gari linalobeba watu.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni kukata springi, na ndiyo mbaya kuliko zote. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ikikatwa mmoja huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, kwa sababu ugumu huongezeka kadiri mizunguko inavyopungua, lakini shokamzoba hubaki ileile iliyotengenezwa kwa springi laini, na gari huanza kurukaruka badala ya kutulia. Zaidi ya hayo, ncha ya springi huundwa ili ikae sawasawa kwenye kikalio chake. Ncha iliyokatwa haikai hivyo, na gurudumu likining'inia shimoni springi inaweza kuchomoka mahali pake. Kuichoma kwa gesi ili inywee ni hatari zaidi, kwani moto huondoa ukakamavu ambao chuma kilipewa kiwandani, na springi huendelea kudidimia au hukatika ghafla. Fundi anayempendekezea mteja mojawapo ya njia hizi anamdhuru, hata akiwa na nia njema ya kumpunguzia gharama.

Njia ya pili ni kununua springi fupi zilizotengenezwa kiwandani kwa ajili ya gari husika, kama zile za Eibach ya Ujerumani au Tein ya Japani, ambazo ni fupi na ngumu kwa kipimo kilichokusudiwa ili gari lisiishiwe na nafasi upesi. Hizi zinafaa, mradi ziambatane na shokamzoba mpya zinazolingana nazo, kwa sababu shokamzoba ya kawaida iliyofupishwa mwendo hufanya kazi karibu na mwisho wake, ambapo pistoni hugonga mpira wa kuzuia, na kila kugonga huko humfikia dereva mgongoni.

Njia ya tatu ni koilova, yaani springi na shokamzoba zilizounganishwa kwenye bomba lenye hesi ili urefu wake urekebishwe kwa spana. Mnunuzi anapaswa kutofautisha aina mbili. Katika aina moja kikalio cha springi peke yake ndicho kinachoteremshwa, na nafasi ya kupanda ya gurudumu hupungua kila gari linaposhuka. Katika nyingine ni sehemu ya chini ya bomba inayozungushwa, hivyo gari hushuka bila mwendo wa ndani wa shokamzoba kuguswa, ingawa nafasi kati ya tairi na bodi bado hupungua. Aina ya pili ni ghali zaidi na ni bora zaidi, lakini zote mbili zina adui mmoja katika nchi ya murami: vumbi na tope huingia kwenye hesi na kuzigandisha, na bomba lisiloswakiwa na kupakwa kinga baada ya mvua halitarekebishika tena mwaka unaofuata.

Kuna imani kwamba gari likiwa chini zaidi ndivyo linavyotulia zaidi kwenye kona, na kwa mhimili wa MacPherson imani hiyo ni nusu ya kweli. Mkono wa chini, ambao kiwandani hulala karibu sambamba na ardhi, huanza kuinuka upande wa gurudumu gari linaposhushwa. Kitovu ambacho bodi hulalia wakati wa kona hushuka haraka kuliko uzito wenyewe, na gari linaweza kulala zaidi kuliko mwanzo endapo springi hazikuongezewa ugumu. Pembe za magurudumu nazo hubadilika, tairi zikaliwa upande wa ndani, kwa hiyo alainimenti baada ya kushusha gari ni sehemu ya kazi yenyewe, na taa za mbele zipimwe upya siku hiyohiyo ili zisimwangazie usoni dereva wa lori anayetoka mpaka wa Malaba.

Magari ya mizigo ni suala jingine kabisa. Baadhi ya vani na pikapu zina vali ya breki iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma, ambayo hupima mzigo kwa kuangalia jinsi bodi ilivyokaribia ekseli. Gari la namna hiyo likishushwa, vali hudhani limejaa, hupeleka nguvu nyingi nyuma, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kwenye lami yenye maji. Gari linalobeba samaki kutoka Majanji au mahindi hadi Busia lisishushwe hata kidogo.

Uganda, tangu 2018, hairuhusu kuingizwa gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, wakati Kenya imeweka kikomo cha miaka minane, maana yake ni kwamba magari mengi ya upande wa Lumino hufika bushi zake zikiwa zimepasuka na shokamzoba zikivuja. Mwenye gari na atumie fedha zake za kwanza kuvibadilisha vitu hivyo, aliendeshe gari kwa urefu wake wa kiwandani likiwa na mzigo wake wote, kisha ndipo aamue kama bado anataka kuondoa zile milimita 20.