Je, Wajua Picha Hupungua Ikisafiri?

Piga picha moja kwa simu yenye kamera ya megapikseli 12. Picha hiyo ina nukta milioni 12, na kila nukta huhitaji namba tatu kueleza rangi yake: nyekundu, kijani na buluu. Jumla ni namba milioni 36, yaani takriban megabaiti 36. Lakini ukifungua maelezo ya faili unakuta megabaiti tatu au nne. Sehemu kubwa ya picha imeshaondolewa kabla hujaitazama, na jicho lako halikugundua kitu.

Kazi hiyo imefanywa na JPEG, mtindo wa kubana picha unaotumiwa na kamera nyingi duniani. Kiini chake ni hesabu ya Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za serikali ili aichunguze, akanyimwa. Mmoja wa waliolipitia ombi lake aliona wazo lenyewe ni jepesi mno. Ahmed aliendelea hivyo hivyo, akisaidiana na mwanafunzi wake T. Natarajan na mtaalamu mwenzake K. R. Rao, na Januari 1974 wakachapisha matokeo. Mwaka 1992 hesabu hiyo ikawa moyo wa kanuni rasmi ya JPEG. Leo karibu kila picha ya harusi, ya mtoto mchanga au ya kitambulisho iliyo kwenye simu yako imepita humo.

Inavyofanya kazi inastahili kuelezwa taratibu, maana hapo ndipo siri yote ilipo. Kwanza hutenganisha mwangaza na rangi. Macho yetu ni makali kwa mwangaza na mazito kwa rangi, kwa hiyo mara nyingi JPEG hubakiza robo tu ya taarifa za rangi. Kisha picha hukatwa katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8. Namba 64 za kila mraba hugeuzwa kuwa namba nyingine 64: ya kwanza hueleza wastani wa mraba mzima, zinazofuata hueleza mabadiliko ya polepole, kama anga inavyofifia kuelekea upeo wa macho, na za mwisho hueleza mabadiliko ya ghafla, kama unywele mmoja juu ya kitambaa cheupe. Zile za mwisho hugawanywa kwa namba kubwa, kisha jibu hukadiriwa hadi namba nzima iliyo karibu. Nyingi huwa sifuri, na msururu wa sifuri hauhitaji nafasi kubwa kuandikwa.

Upotevu uko kwenye kule kukadiria. Namba 7.4 ikishaandikwa 7, hakuna programu itakayoirudisha ile nne ya nyuma. Kamera ikikadiria mara moja, kwa uangalifu, hasara haionekani. Shida huanza picha inapofika kwenye mtandao wa kuhifadhi au kutumiana, nao ukaifungua, ukaipunguza vipimo, ukaibana upya. Vipimo vikibadilika, miraba ya sasa hailingani na ile ya awali, na makosa mapya hukaa juu ya yale ya zamani. Ndipo unapoona vijimraba kwenye anga na ukungu kuzunguka maandishi.

Mfano ulio karibu nasi ni WhatsApp. Kwa muda mrefu, picha ya kawaida inayotumwa humo imekuwa ikishushwa hadi ubavu wake mrefu uwe karibu pikseli 1600. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 upande huo. Ukiichapa kwa ubora wa pikseli 300 kwa kila inchi, ile halisi hufikia sentimita 34 hivi, na iliyotumwa hukomea 13 na nusu. Kwenye kioo cha simu hutaona tofauti. Utaiona siku familia inapotaka kuikuza picha ya marehemu ili itundikwe ukutani, na kilichobaki ni nakala iliyopita kwenye kundi la ukoo. Kwa hiyo mpiga picha anayemkabidhi mteja kazi yake aitume kama dokyumenti, maana hapo faili haibanwi. Njia ya kutuma kwa HD, iliyoletwa humo mwaka 2023, ni nafuu kubwa, ila nayo hubana.

Sasa, wapi pa kuhifadhi? Swali la kwanza si nafasi ni kiasi gani, bali ni kama faili inayorudi ndiyo ile ile uliyopeleka. Google Photos ilipoanza mwaka 2015 ilitoa nafasi bila kikomo, bila malipo, kwa sharti kwamba picha zibanwe na zisizidi megapikseli 16. Tarehe 1 Juni 2021 neema hiyo ilifungwa. Sasa kila picha mpya inakula katika gigabaiti 15 za bure, zinazotumiwa pia na barua pepe. Kwenye mipangilio yake kuna njia mbili: kuhifadhi ubora halisi, au kubana ili kuokoa nafasi. Chagua ya kwanza, hata kama bando litaumia. iCloud ya Apple huhifadhi faili halisi, lakini bure ni gigabaiti tano tu. Flickr, iliyozaliwa mwaka 2004, huonyesha watazamaji nakala ndogo huku ikimtunzia mwanachama anayelipia faili yake halisi. Kwa wapiga picha wa kazi naiona kuwa chaguo zuri kuliko mitandao ya kijamii, ambayo haikuundwa kuwa ghala.

Masharti nayo hubadilika. Mwaka 2013 Flickr iligawa terabaiti nzima bure. Baada ya kununuliwa na SmugMug mwaka 2018, akaunti za bure ziliwekewa kikomo cha picha 1,000. Photobucket mwaka 2017 ilianza kudai dola 399 kwa mwaka kwa wanaotaka picha zao zionekane kwenye tovuti nyingine, na picha nyingi kote intaneti zikageuka tangazo la kudai malipo.

Ahadi za matangazo si lazima uzipokee hivi hivi, kwa sababu kipimo kipo. Pakia picha moja, kisha ipakue, uilinganishe na ile ya mwanzo. Ukubwa wa faili ukitofautiana, imeguswa. Ukitaka uhakika zaidi, tumia sha256sum kwenye Linux au certutil kwenye Windows: programu hizi husoma faili nzima na kutoa msururu wa herufi na tarakimu, na baiti moja tu ikibadilika msururu wote hubadilika. Misururu miwili ikifanana, umerudishiwa faili yako yenyewe.

Tazama pia rangi. Simu nyingi za iPhone tangu mwaka 2016 hupiga picha kwa wigo mpana wa rangi uitwao Display P3, na ndani ya faili huwekwa maelezo ya namna ya kuusoma. Huduma ikiyafuta bila kuzigeuza rangi ipasavyo, kanga nyekundu inachujuka, ingawa hakuna pikseli iliyopotea. Katika faili hiyo hiyo hukaa tarehe, aina ya kamera, na mara nyingi mahali ulipopigia. Kwenye ghala lako binafsi maelezo hayo ni hazina, kwani ndiyo yatakayopanga picha za miaka ishirini. Kwenye ukurasa unaosomwa na kila mtu, yale ya mahali yaondoe mwenyewe kabla ya kupakia, hasa kama picha ilipigwa nyumbani kwako.